La ya Juu Pale Mombo

Juzi nilipita Korogwe nikaingia kanisani kwetu, kwaya iko kwenye mazoezi. Wasichana walikuwa wanakwama kwenye sauti ya juu. Kijana wa kinanda hata hakuinua kichwa. Alibonyeza kitufe kimoja, wimbo mzima ukashuka, wakaendelea kuimba. Nikakaa benchi la nyuma. Kitufe kimoja tu, rafiki yangu. Hata kinanda chetu cha zamani kilikuwa nacho, sisi hatukukijua.

Nilikuwa darasa la tano, miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena, sabuni ya kunukia unachagua rangi, mitumba imemwagwa sokoni mpaka unaikanyaga. Mfanyabiashara mmoja wa mitumba akailetea kwaya yetu kinanda kutoka Dar, cha kutumia betri ya gari. Kabla ya hapo tuliimba kavu. Mwalimu wa kwaya alikohoa kidogo, akatutazama nyuso, akatoa do, nota ya kuanzia. Tukiwa tumechoka na jembe aliitoa chini, siku ya sikukuu akaipandisha. Ilikuwa do yetu ya siku hiyo, basi.

Kinanda hakikutazama uso wa mtu. Na mwalimu alijua kupiga vitufe vyeupe peke yake, kwa hiyo do ikakaa mahali pamoja, juu kuliko tulivyozoea.

Mama yangu ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza. Tangu baba afariki, alikuwa na shamba, kuni, sisi watoto, na hiyo sauti ya kwanza. Hiyo tu ndiyo ilikuwa yake mwenyewe.

Wimbo wa kwenda nao kwenye tamasha la kwaya pale Mombo ulitungwa na fundi cherehani, Mzigua wa Handeni, na mwalimu akaugawa sauti nne. Katikati ulikuwa na nota ya juu, la, mahali pa kuvuta pumzi na kuning'inia. Siku mama alipokwenda kupimwa joho nilimfuata, tukawakuta wawili hao barazani kwa fundi wamefungua daftari la nota.

"Hiyo la ishushe iwe so," fundi alisema. "Nilitunga kwa sauti yangu, huku nakanyaga cherehani. Sikujua itakwenda kukaa huko."

"Ukiishusha, wimbo unalala hapo."

"Basi shusha do."

"Do ya chini iko kwenye vyeusi. Vyeusi sijafika."

"Mwalimu, mimi sishoni suti kwanza ndipo nitafute mtu wa kuivaa. Napima mtu."

"Ndiyo maana watu wenu wa Handeni suruali zote zinawabana."

Wakacheka, lakini kidogo, maana wote wawili walikuwa wanamtazama mama. Alikuwa amenyoosha mikono, utepe wa kupimia uko begani.

"Iacheni," alisema. "Nipeni wiki mbili."

Wiki mbili hizo sitazisahau. Alikunywa maji ya tangawizi asubuhi na jioni. Alikwenda kufanya mazoezi kwenye mkonge, mbali na majirani, akarudi macho mekundu. Sauti yake ilipanda vizuri, tamu, halafu ikifika pale ikapasuka kama kitambaa. Mimi nami, mjinga, siku moja naosha vyombo nikaanza kuuimba ule wimbo bila kuwaza. La ikatoka nyeupe, haikunigharimu chochote. Nilipogeuka, mwalimu amesimama njiani. Nyuma yake mama, ndoo kichwani.

"Mama, huyu mtoto asimame karibu yako," mwalimu alisema taratibu. "Kama tairi la akiba tu."

"Tairi la akiba halifungwi mbele ya gari, mwalimu." Akatua ndoo. "Haya, asimame."

Nikajiapia moyoni kwamba ile la siiimbi, hata iweje.

Mombo kulikuwa na vumbi na mabasi, wauza mahindi wanakimbilia madirishani. Tulipanga mistari, kinanda mezani, betri chini. Tukaanza. Nilisikia pumzi za mama sikioni kwangu, fupi fupi. Tulipokaribia pale, mkono wake ukanishika. Nilidhani anatafuta nguvu, nikakaza meno nimwachie wimbo wake. Akanibana tena, akaumiza. Nikamtazama. Alikuwa amefunga mdomo. Kinanda kikabaki peke yake. Fundi, aliyekuwa akiimba besi, akafumbua macho.

Nikaimba.

Tulipigiwa makofi mpaka mwalimu akafuta miwani. Mama ndiye aliyecheka kuliko wote, akaninunulia peasi za Lushoto, akanichagulia zilizoiva. Jumatatu akalichukua joho lake la kuongozea akalipeleka kwa fundi.

"Lipunguze, mtoto avae."

"Mama, ile nota ningeibadilisha mwenyewe, mwalimu asingegundua."

"Mimi ningegundua. Kata."

Fundi alirudi kwao Handeni miaka mingi sasa, na daftari lile hakuna anayejua liliko. Do ya kutazama nyuso imekwisha. Mimi nimeimba sauti ya kwanza mpaka leo, na bado naota kutunga wimbo wangu. Mama alihamia sauti ya pili, hakulalamika hata mara moja.

Ila nyumbani. Zamani mama alikuwa akipuliza moto anaanzisha wimbo, mimi nafuata. Tangu Mombo alipuliza moto kimya mpaka nianze mimi, ndipo aingie kwa chini, sauti ya pili, vizuri sana. Siku nyingine nilichelewa makusudi. Nilikaa kwenye kigoda nachambua mchele, nikisema leo ataanza. Moto ulishika, maji yakachemka, mama akanisubiri.