Ng'ombe wa Kilo Sabini na Nane

Tangu uvumi uenee kwamba dawa ya minyoo ya ng'ombe inatibu kirusi cha kifua, mama muuza dawa za mifugo alishinda kakunja uso. Mtaa mzima hauna hata mbuzi, leo kila mtu mfugaji!

Akaingia shemeji yake, mume wa mdogo wake, msomi wa suti.

"Ng'ombe wako ana kilo ngapi?"

"Sabini na nane," alijibu, akivuta tumbo ndani.

Mama akasonya. "Na tai anavaa?"

"Nipe tu, shemeji. Na ya ndama."

"Kilo ngapi?"

"Kumi na moja."

Mama akafunga kabati la dawa. Wiki iliyopita yeye mwenyewe ndiye aliyempandisha huyo "ndama" wa mdogo wake kwenye mizani ya kliniki, akimwimbia asilie.