Tiki za Wamaitha

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko lake la mandazi, Wamaitha alibisha mlango wa Cheptanui akiwa na kikombe cha uji. Walikuwa majirani wa ukuta mmoja katika ploti ya vyumba vya kupanga mjini Nakuru. Cheptanui alikuwa na kifua kikuu na mtoto wa miezi mitatu, Kipkirui. Mumewe, Kosgei, alikuwa dereva wa lori, na watu wake wote walikuwa mbali kule Keringet. Kliniki ilitaka mtu wa kumwona akimeza dawa kila siku na kutia tiki kwenye kadi. Hakuwa na mwingine ila Wamaitha.

"Meza, Mama Kipkirui. Haya, fungua mdomo. Ulimi juu! Mimi nimelea sita, hakuna ujanja sijauona."

Huo ulikuwa mwaka wa 2007. Miezi miwili mambo yalienda sawa. Sista Nyakio, muuguzi wa kliniki, alikuwa amemwambia Cheptanui kwamba tembe zile zingegeuza mkojo uwe mwekundu, asishtuke. Juu ya maziwa hakusema neno. Siku moja Cheptanui akaona doa la rangi ya machungwa kwenye blauzi, pale ziwa lilipovuja. Akamtazama mtoto, ananyonya huku amefumba macho. Dawa kali hivi inaenda wapi, kama si kwake? Tena kikohozi kilikuwa kimeisha. Kuanzia hapo akawa anazisukuma tembe kati ya shavu na ufizi, anainua ulimi, anangoja Wamaitha ageuke. Ziliishia kwenye majivu. Kadi ikajaa tiki.

Kikohozi kikarudi mwaka uliofuata, baada ya zile fujo za uchaguzi zilizogonganisha makabila, wakati watu wa ploti walikuwa wanasalimiana kwa macho tu. Wamaitha peke yake ndiye alikuwa bado anabisha ule mlango. Kliniki wakashangaa: kadi imejaa, ugonjwa umetoka wapi? Pale kwa mfereji, wakichota maji, wanawake walikuwa na jibu lao.

"Si ni huyo wa mandazi? Anakohoa kutwa."

"Na vile tumekula mandazi zake!"

Kikohozi cha Wamaitha kilikuwa cha moshi, cha miaka mingi, na wote walikijua. Cheptanui alisimama hapo na ndoo yake. Akaijaza, akajitwika. Akisema alitema dawa, watamwona mama wa aina gani? Siku hizo mandazi zilikuwa zinalala kwenye beseni bila mnunuzi.

Kliniki ilikuwa na watafiti, na wao walikuwa wamehifadhi makohozi ya kwanza ya Cheptanui kwenye friji. Wakachukua mapya, wakayapeleka yote maabara ng'ambo.

"Kijidudu kina maandishi ndani yake, kama barua ndefu," Sista alimweleza. "Wanayasoma herufi kwa herufi. Kama ni mgeni aliyetoka kwa mtu, tutajua. Kama ni yule wa zamani, pia tutajua."

Cheptanui alingoja miezi mingi, akiwa amerudishwa kwenye dawa, dirisha wazi, mtoto akilala kivyake kwenye kona. Aliomba awe mgeni. Halafu akimsikia Wamaitha akikohoa ng'ambo ya ukuta, aliona aibu kwa ombi hilo. Asubuhi moja hakuna aliyebisha. Mlango wa jirani ulikuwa na kufuli. Wakasema ameenda kwa dada yake kule Mai Mahiu.

Majibu yalikuja wiki hiyo hiyo.

"Ni yule yule," Sista alisema. "Hakutoka kwa mtu. Hakuwahi kufa. Cheptanui, ulimeza?"

Akamwambia yote, mpaka lile doa. Sista akaweka kalamu chini.

"Hiyo ni rangi tu, haingemdhuru mtoto. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulikuwa na watu wengi, Sista."

Jioni alienda kwa mfereji akasema, "Si Wamaitha. Ni mimi. Nilikuwa natema dawa." Maji yaliendelea kumwagika. Mmoja akasogeza ndoo yake kando.

Kosgei aliporudi, Cheptanui akamtuma: akipita Mai Mahiu amtafute, amweleze yote bila kuficha kitu. Siku nne baadaye akarudi na kifurushi cha gazeti.

"Nilimpata. Alisikiza mpaka mwisho."

"Akasema nini?"

"Alinifungia mandazi mbili. Za mtoto, alisema."

"Na mimi?"

Kosgei akavua viatu. "Za mtoto," akarudia.