Nilimpa Wifi Keki ya Bibi, Siri ya Oveni Nikabaki Nayo

Admin, nakuomba jina langu ulifiche kabisa, maana nusu ya Wabongo wa Maryland wako humu na midomo yao naijua.

Mimi ni mama wa miaka 43, mzaliwa wa Moshi, naishi Bladensburg na mume wangu na binti yetu mmoja. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, kutwa nzima nainua watu wazima, kwa hiyo mkiniona naongea kwa hasira mnivumilie, mgongo nao unachangia.

Kwetu Krismasi bila keki ya kahawa si Krismasi. Aliyeianzisha ni bibi mzaa baba, aliyekuwa anapika jikoni kwa masista. Kahawa ya shambani inakaangwa na kutwangwa nyumbani, inachemshwa na tangawizi, inachanganywa na unga, kisha sufuria inafunikwa na makaa yanawekwa juu ya mfuniko. Bibi alimrithisha mama, yaani mkwe wake. Shangazi, binti wa kumzaa mwenyewe, hakupewa, eti keki ni ya nyumba na binti anaolewa anaondoka. Shangazi hakuwahi kuionja. Kila Krismasi alisema kahawa inamsumbua tumbo, na sisi watoto tulikuwa tunamcheka.

Mimi niliipata kwa bahati tu, kwa sababu kaka yangu alichelewa kuoa. Mama alinisomea kwa simu kutoka Moshi, nikaandika kwenye karatasi. Jamani, ile karatasi huku haifanyi kazi! Makaa utayaweka wapi ndani ya apatimenti? Miaka mitatu nililisha pipa la taka, juu imeungua, ndani uji. Nikajaribu hivi, nikajaribu vile, mpaka nikagundua mwenyewe: oveni iwe nyuzi 325 za Fahrenheit, sufuria uifunge na karatasi ya foili saa nzima, uifungue dakika kumi na tano za mwisho. Hilo hakunifundisha mtu. Nililiandika kwa penseli nyuma ya karatasi, na tangu hapo Krismasi zote watu wamekula kwangu.

Mwaka juzi kaka, anayeishi Springfield, akaoa binti wa Bukavu aliyekuja huku kama mkimbizi. Mpole, mchapakazi, sina neno naye. Mwaka jana Novemba mama akanipigia: "Sasa mke wa kaka yako yupo. Mpe keki yake, umemshikia vya kutosha."

Kumshikia! Kama vile mimi nilikuwa namshikia mtu foleni. Nikamuuliza, "Mama, na mimi je?"

"Wewe utakula kwa kaka yako."

Kaka naye, aliyeunganishwa kwenye simu hiyo hiyo, akadakia, "Dada, hiyo si keki tu? Usiikuze." Keki tu, wakati yeye hula vipande vinne na kingine anafungiwa!

Basi nikanakili upande wa mbele wa ile karatasi, kwa mwandiko mzuri, neno kwa neno alivyosema mama. Nikampelekea wifi pamoja na sufuria. Akasoma, akaniuliza, "Dada, hapa munaandika makaa. Kwa oveni nitatia moto kiasi gani?"

Nikamjibu, "Wewe washa tu, keki yenyewe itakuonyesha."

Sikusema uongo. Vya mama nilitoa vyote, vya kwangu nikabaki navyo. Ndivyo nilivyojiambia njia nzima nikirudi nyumbani.

Krismasi tukakusanyika kwa kaka, mama tukamwegemeza kwenye chupa ya soda ili aone kwa simu. Kisu kilipoingia, uji wa kahawia ukamwagika sahanini. Juu ilikuwa nyeusi ti. Mama akauliza, "Hii ndiyo nini?" Wifi alisimama pale na aproni yake mpya, machozi yanamlengalenga: "Mama, munisamehe. Nilifwata yote yenye dada aliniandikia. Sijue nilikosea fasi gani."

Nitakuwa mkweli kwenu, nilifurahi. Furaha ya dakika mbili hivi. Garini binti yangu, ana miaka kumi na tatu na huwa ananisaidia kuoka, akanitazama: "Mom, you didn't tell her about the foil?" Nikamwambia afunge mkanda.

Wiki iliyofuata mama akanipigia tena. "Wifi yako alinipigia siku ile kabla hajaanza kupika. Aliniuliza kama kuna kitu kimesahaulika kwenye karatasi. Nikamwambia, mwanangu hawezi kukuficha kitu." Kisha akaniuliza: "Nilisema kweli, sivyo?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Sasa Krismasi nyingine hiyo inakuja, na mama ameamua keki irudi kwangu, eti wifi hana mkono wa kuoka. Yaani nimeshinda! Mbona basi nina hasira na kila mtu? Na mama na sheria zake, na kaka na mdomo wake, na mimi mwenyewe kuliko wote.

Jumapili wifi alileta sufuria, ameisugua inang'aa, ile karatasi niliyomwandikia ameikunja ndani. "Dada, kamata sufuria yenu. Siye tulikimbia bila kitu, hata kijiko ya mama sikubeba. Nilifurahi sana kupata kitu ya kurithi. Lakini mukono yangu haina baraka."

Nilishindwa hata kumkaribisha kiti. Nikamwambia tu kwamba Krismasi nitamwekea kipande kikubwa.

Akatabasamu. "Hapana, dada, aksanti. Kahawa inanisumbuaka tumbo."

Jamani wenzangu, nikisema, mama atajua nilimdanganya na kaka sijui kama atanisamehe. Nikinyamaza, nitamtazamaje huyu binti mezani? Semeni na mimi, hata mkinitukana nitasoma. Sufuria iko juu ya jiko tangu Jumapili, na sijaigusa.