Nilivyoweka rehani kitabu cha baba kwenye kura ya jina bora la riwaya

Wakuu, habari za majukumu. Leo nawaletea langu, na nitalisema lilivyo hata pale linaponiaibisha, maana walioshuhudia wamo humu humu wananichungulia.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Kashaulili, Mpanda. Ukiacha vitambaa, ugonjwa wangu ni riwaya za kale za safari na hatari. Zile za watu kupotea msituni, sijui kugombania ramani. Tuna group letu la wagonjwa wa Katavi nzima, na vitabu tunapelekeana kwa bodaboda.

Sasa mjue hali ya vitabu vyetu. Vimepita mikono mingi mpaka majalada yameng'oka. Anayekipata anakivalisha karatasi ya mfuko wa saruji, anaandika jina kwa kalamu, maisha yanaendelea.

Mwezi uliopita admin akaja na wazo: tupige kura, riwaya ipi ya kale ina JINA bora. Jina tu, hadithi weka pembeni.

Nikaingiza la kwangu: Hata Mamba Walituonea Huruma.

(Hebu lisome tena taratibu. Umeona?)

Kitabu hicho kilikuwa cha baba. Nikiwa mdogo kule Majimoto tulikuwa tunaamia ndege kwenye mpunga, na baba alinisomea tukiwa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba. Ndege walikula sana mwaka ule, mama aligomba kweli kweli. Nilipoolewa nikakiomba, akanipa. Kurasa za mwanzo na za mwisho zilishapotea siku nyingi, lakini sikuwahi kumwazima mtu.

Mpinzani wangu alikuwa Mwalimu Deo, mstaafu, naye yuko Majimoto. Jina aliloingiza yeye: Dhahabu Iliyokataa Kuchimbwa. Mengine yote yakatoka, tukabaki sisi wawili.

Yule mzee ana maneno. Akaandika: "Binti, hilo lako ni kichekesho cha gulioni. Jina la riwaya lina heshima zake."

Wakuu, ukinigusa hapo sina breki. Nikajibu mbele ya watu wote: Mwalimu, jina hili likishindwa, kitabu ni chako moja kwa moja. Naye akaweka chake.

Nilipotuma tu, nikajuta. Ningefutaje, na watu wameshacheka?

Nikaingia kampeni. Wanakwaya wenzangu wa parokiani, ambao hawajawahi kufungua riwaya hata moja, wote nikawaunga kwenye group. Mteja akija kuchukua gauni, anapiga kura kwanza. Kuna bibi mmoja nadhani alijua namwandikisha mbolea ya ruzuku.

Nikashinda kwa kura tatu. Nilipiga vigelegele peke yangu kibandani.

Furaha haikumaliza saa nzima. Masanja, mfugaji wa Kasansa, mtu asiyeongea kabisa kwenye group, akatuma picha. Kitabu kile kile, kizima, na jalada lake la awali. Akapiga na kurasa za ndani, nikalinganisha na changu neno kwa neno. Ndicho.

Jina lililochapwa juu: Safari ya Kwanza ya Bwana Mpima Ardhi.

Group likachafuka: kumbe langu si jina la riwaya yoyote, ushindi ukafutwa. Mwalimu akaandika neno moja tu: "Kitabu."

Nikampigia baba. "Baba, lile jina la mamba ulilitoa wapi?"

"Lipi? Aah! Kilikuja hakina jalada, mama. Kitabu kitakaaje bila jina kama mbwa wa kupotea? Nikakipa."

Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea yenyewe. Jina nililolipigania kote kule lilikuwa la baba yangu, na kwa mdomo wangu mwenyewe nilikuwa nimeshakitoa kitabu chake. Iliniuma sana.

Ningeweza kubisha kwamba ni kitabu kingine. Nikaandika ukweli wote kwenye group, nikakifunga kwenye kipande cha kitenge, nikampa bodaboda wa Majimoto. Siku hiyo nilishona mikono ya gauni la watu kinyume.

Mwalimu akakipokea. Nilisubiri majigambo, hayakuja. Kumbe aliazima kile kizima cha Masanja, akaenda nacho mpaka nyumbani kwa baba. Anasema alitaka kumwona mtu aliyemtoa jasho. Sasa hivi hawaachani, Mwalimu anampelekea vitabu visivyo na majalada avipe majina. Changu bado yuko nacho, na sijakidai.

Funzo nililopata: kabla hujaweka kitu rehani kwa ubishi wa group, hakikisha unakijua tangu ukurasa wa kwanza. Na wazee wetu tuwaulize mambo wakiwa bado wanapokea simu.

Ila juzi baba akapiga, sauti ya msibani kabisa.

"Mwanangu, nimekimaliza kile cha Masanja. Mwisho wake sikuwahi kuujua miaka yote hii."

"Unasemaje?"

"Mamba wanamla yule bwana."

Nikaweka mkasi chini.

"Nilikiandika uongo," akasema. "Nataka nilibadilishe lile jina."

"Thubutu, baba! Watu wameshapiga kura!"

Hajakubali. Amekaa na kalamu, anasubiri ruhusa yangu. Wakuu, nyie mngemjibuje?