Kitambaa cha Dobi

Kuna watu hawatoki nyumbani bila mwavuli. Mdogo wangu alikuwa hatoki bila pasi. Sisemi nguo zilizopigwa pasi, nasema pasi yenyewe, chuma na waya wake, ndani ya mfuko, ameikumbatia kama anapeleka mtoto kliniki.

Nirudi nyuma kidogo, maana nikianzia hapo mtasema ana wazimu. Hana wazimu. Ni dobi. Ana chumba cha kazi kando ya barabara, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, nguo za watu zimening'inia toka ukuta huu mpaka ule, na nyuma ya pazia kitanda chake. Mkewe alifariki binti yao akiwa mdogo. Akamlea mwenyewe, mimi nikimsaidia kwa maneno makali. Binti akakua, akaenda chuo mji mwingine, na ndugu yangu akabaki anazungumza na makoti.

Siku moja alikuwa anapiga pasi suruali ya mkuu wa shule. Mtu akabisha hodi. Kumbe anauliza njia tu. Mdogo wangu, kwa ukarimu wake usio na breki, akamwelekeza mpaka kona ya mwisho. Aliporudi mezani, suruali ilikuwa na dirisha. Na dirisha lenyewe lilikuwa nyuma, pale pa kukalia, lina umbo la pasi kabisa, ncha juu.

Mkuu wa shule alisamehe. Alicheka hadi akashika meza. Aliyekataa kusamehe ni dobi.

Tangu hapo akawa hawezi kufunga mlango akaondoka. Anafunga, anatembea kidogo, anasimama, anajipapasa mifuko, anarudi. Anachungulia soketi. Anafunga tena. Kinyozi, ambaye duka lake linatazamana na la dobi na ambaye mdomo wake una makali kuliko wembe wake, hakumwacha apumue.

"Dobi! Umesahau nini tena?"

"Nahakikisha pasi."

"Pasi haijatoroka, ndugu yangu. Ingetoroka ningeiona inapita hapa."

Akajaribu dawa zake. Kwanza akawa anapiga picha waya ukiwa umechomolewa, ili wasiwasi ukimpata njiani aangalie simu. Simu ikajaa picha za waya. Wenzake wana picha za wajukuu, yeye ana waya asubuhi, waya mchana, waya kwa karibu. Halafu akaanza kujiuliza kama picha ni ya leo au ya jana, akarudi tu.

Ndipo akaanza kubeba pasi. Alikuja nayo kwenye mazishi ya jirani yetu. Watu tumeinamisha vichwa, mfuko ukakatika kishikio, pasi ikatua kwenye vidole vya mtu aliyekuwa akiongoza wimbo. Wimbo ulipanda juu ghafla, waombolezaji wote wakapanda nao wakidhani ndivyo ulivyo. Nikamvuta pembeni.

"Sasa pasi unayo mkononi. Wasiwasi wa nini tena?"

Akanitazama kwa macho ya huruma, kana kwamba mimi ndiye sielewi.

"Dada, na swichi je?"

Baada ya aibu ile akaacha kutoka kabisa. Wateja wanaleta nguo, wanachukua nguo, anawajibu kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Mkate anakula akiwa amesimama, chai anakunywa anaitazama pasi, na pasi inamtazama yeye, kama mtu na mkwewe waliokosana. Kulala hajui, anaamka kila saa kuigusa kama ina homa. Nikaichukua nikaenda nayo kwangu. Akanifuata akakaa sebuleni kwangu kutwa nzima, kuhakikisha siichomeki. Nikamrudishia. Ningefanyaje, alikuwa ananimalizia sukari.

Basi binti yake akanipigia simu. Anaolewa.

"Shangazi, nataka baba anishike mkono kuingia ukumbini, na akae mpaka mwisho."

"Atakaa."

"Shangazi, usinidanganye. Siku nilipomaliza chuo aliondoka kabla jina langu halijasomwa. Nilipanda jukwaani natafuta uso wake, naona kiti. Akiondoka na kwenye harusi, sitagombana naye. Nitaacha tu kumwita."

"Kumwita kwenye nini?"

"Kwenye lolote, Shangazi."

Aliisema taratibu, na mimi nilimfahamu huyu mtoto: akipiga kelele yanapita, akisema taratibu ameshaamua. Nikaenda kwa dobi nikamwambia vile vile, bila kupunguza. Akanisikiliza huku mikono inafanya kazi. Akachomoa waya, akavuta tai ya hariri na kuanza kuinyoosha.

"We! Umechomoa halafu unapiga pasi? Ndiyo umeanza kuchanganyikiwa sasa?"

"Nguo laini ni za mwisho, dada. Hariri haitaki moto, inataka joto lililobaki." Akamaliza tai, akavuta utepe wa nywele wa mtoto wa mtu. "Baada ya huu, pasi inakuwa jiwe tu. Hata kitambaa cha mkononi haikinyooshi."

Nikamwangalia. Akaniangalia. Tukaiangalia pasi.

"Hebu kipitishe kitambaa," nikamwambia.

Akatoa kitambaa chake cha mkononi, kimekunjamana, akakipitishia pasi mara kadhaa. Kikabaki na makunyanzi yake, kama uso wangu asubuhi.

"Tia mfukoni. Ukiwa njiani wasiwasi ukikushika, usirudi. Papasa. Ukikuta makunyanzi, pasi imepoa."

"Dobi mzima nitembee na kitambaa chenye makunyanzi?"

"Ulitembea na pasi. Hapa unaanza kuona haya?"

Ndivyo tulivyoanza, na msidhani alipona kama mtu aliyemeza kidonge. Nilimpangia siku yake kama ya mtoto wa shule. Asubuhi afagie, anywe chai ameketi, na si ndani, kwenye benchi la kinyozi. Mchana ale chakula cha moto. Jioni mashati kwanza, suruali zifuate, achomoe waya, tai na tepe, kitambaa mwisho. Kisha, na hapo ndipo alipopiga kelele, nguo za wateja azipeleke mwenyewe majumbani kwa miguu.

Jioni ya kwanza alifika kona tu. Nikamwona amesimama na suti ya mtu begani, mkono mfukoni, anapapasa kama mtu mwenye upele. Akageuka nyuma.

"Dobi!" kinyozi akamwitia toka upande wa pili. "Kitambaa kinasemaje?"

"Kina makunyanzi."

"Sasa wewe unabishana nacho? Endelea na safari!"

Akaendelea. Jioni nyingine alirudi, nikamsema. Nyingine akarudi mara mbili, nikamsema mara mbili. Lakini mtu anayepeleka nguo nyumba kwa nyumba haachwi mlangoni. Huyu anamwambia karibu ukae, yule anamuuliza habari za binti, mwingine anataka ushauri juu ya doa. Akaanza kuchelewa kurudi. Akaanza kucheza drafti na kinyozi, na kumfunga, jambo ambalo kinyozi analieleza mpaka leo kwamba ni mwanga wa jua ulimwingia machoni. Usiku akawa analala mpaka kunakucha. Mashavu yakarudi. Pasi ikabaki mezani peke yake, ikajionea.

Siku ya harusi ikafika. Binti kapendeza, sina la kuongeza. Dobi kavaa suti iliyonyooka mpaka nikaogopa kumkumbatia nisiikunje. Akamshika mwanawe mkono, wakaingia ukumbini, watu wakasimama, mimi nikajifanya vumbi limeniingia jichoni. Tukaketi. Mambo yakaenda. Nikaanza hata kufurahia chakula.

Mara nikamwona ametia mkono mfukoni, kama kawaida yake. Kisha uso ukamtoka rangi.

"Nini?" nikamnong'oneza.

Akakitoa. Kitambaa kilikuwa kimenyooka. Kimekunjwa pembe nne, kingo zake kama karatasi mpya.

"Asubuhi..." akasema. "Dada, asubuhi niliona aibu. Harusi ya mwanangu, dobi niwe na kitambaa kama matambara? Nikakipiga pasi. Ya moto."

"Halafu ukachomoa?"

"Sijui."

Jamani! Jioni zote zile za mazoezi, na huyu bwana kaangushwa na sifa za kazi yake! Nikatamani nimfinye. Akasimama. Kule mbele binti akamwona amesimama, na tabasamu likamganda usoni. Hakumwita. Aliangalia tu, kama mtu anayesubiri mlango ufungwe.

Dobi akaenda hadi mlangoni. Kinyozi alikuwa ameketi pale karibu, akanyanyua miguu kumzibia njia, kisha akaishusha, maana mtu mzima hafungwi kamba. Ndugu yangu akasimama kizingitini. Jasho likimtiririka kama amebeba magunia. Akajifuta paji la uso kwa kile kitambaa. Akajifuta shingo. Akajifuta viganja, akakibana, akakiminya, akakizungusha. Akageuka akamtazama mwanawe. Kisha akatazama mkononi mwake.

Kitambaa kilikuwa kimekunjamana vibaya mno.

Akaanza kucheka. Kwanza mabega, halafu tumbo, halafu sauti. Akakirudisha mfukoni, akakipigapiga, akarudi zake kwa mwendo wa mtu mwenye nyumba. Alipopita nyuma yangu akaniinamia.

"Kina makunyanzi, dada. Pasi imepoa."

"Unajua umejidanganya?"

"Najua. Lakini ule uso wa mwanangu nisingeweza kuuacha."

Hakurudi kitini kwake, alinyoosha mpaka kwa binti yake akaketi kando yake. Sasa ndipo binti akalia, kwa machozi yale yanayoharibu poda, akaomba kitambaa. Dobi akampa kile kile.

"Baba, mbona kimekunjamana hivi? Wewe si dobi?"

"Dobi yuko mapumziko," akasema.

Muziki ukaanza, wakasimama kucheza. Ndugu yangu anacheza vibaya, kama mtu anayekanyaga siafu, lakini hakutazama mlango hata kidogo.

Mimi sasa nikashindwa kukaa. Nikafikiria lile blanketi mezani, na nguo za watu. Nikavua viatu vya harusi nikavibeba mkononi, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikakimbia mtaa mzima. Nilipofika kwa dobi nikakuta kuna mtu amepiga magoti mlangoni, amebandika pua kwenye tundu la ufunguo.

Kinyozi.

"Vipi?" nikamuuliza nikihema.

"Sinusi kitu. Ila pua yangu siiamini. Hebu nusa na wewe."

Nikapiga magoti na gauni langu. Hakuna harufu. Nikachungulia: waya umeviringwa vizuri, umetundikwa msumarini. Tukainuka, tukajikung'uta, tukaondoka. Kufika kona kinyozi akasimama.

"Lakini ni waya wa pasi ule, au ni wa taa?"

Tukarudi.