Mwinjilisti Aliyekataa Kuitwa Mchungaji

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Bariadi na malori yao, waliingia pia wahubiri wenye vipaza sauti. Mtu alifika sokoni akiitwa Ndugu. Msimu mmoja baadaye alikuwa Mtume, na msimu uliofuata Askofu. Sikuwalaumu kwa kuhubiri. Niliwalaumu kwa haraka yao ya kujivika majina.

Kanisa la kijijini kwetu liliongozwa na mwinjilisti, mkulima wa pamba kama sisi. Kwa kuwa hakuwa amewekewa mikono, hakuruhusiwa kugawa Chakula cha Bwana. Kazi hiyo ilimngoja mchungaji aliyekaa mbali, Nyalikungu, aliyetufikia mara chache. Hata hivyo kijiji kizima kilimwita mwinjilisti wetu Mchungaji, naye hakuchoka kutusahihisha.

Bibi yangu alipozidiwa na ugonjwa, aliomba ashiriki Meza ya Bwana kabla hajafa. Divai na mkate vilikuwamo katika kabati la kanisa. Nilimwambia mwinjilisti, kwa ujuvi wa kijana aliyesoma, kwamba hakuna ambaye angeuliza. Bibi naye akamchokoza kutoka kitandani.

“Mchungaji, unaogopa nini? Anayekufa ni mimi.”

“Mayu,” alimjibu, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma, “jina hilo mmenipa kwa upendo. Kulitumia mbele ya Mungu siwezi.”

Akatuachia sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akafunga mfuko wa iliyobaki kwenye baiskeli, akaondoka asubuhi ileile. Nilimwona mkaidi anayejali cheo kuliko roho ya mtu. Siku nzima niliketi kando ya bibi, nikiogopa kila pumzi yake, na hasira yangu ikakua kadiri viazi vile vilivyobaki sahanini bila kuliwa.

Kesho yake mchana alirudi, vumbi limemfika kwenye nyusi, amempakia mchungaji nyuma ya baiskeli. Mchungaji alikuwa na umri wa kuweza kuwa mwanawe. Mzee yule alimwita Baba Mchungaji bila kusita, akatandika kitambaa cheupe juu ya kigoda, kisha akapiga magoti nyuma yetu sote.

Bibi alikula, akanywa. Akamtafuta kwa macho.

“Mwinjilisti,” alisema, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, “kapumzike.”

Bibi alifariki siku ya tatu baada ya hapo, akiwa ametulia. Katika nyumba yetu hakuna aliyemwita tena mzee yule Mchungaji, nami nilikuwa wa kwanza kuwasahihisha wengine.