Fundi Akishanawa

Fundi akishanawa, basi tena; hata ije pikipiki ya mkubwa gani, itasubiri kesho. Hunawa kwa sabuni ya unga na mchanga, kidole kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayekusanya nguvu za kufika nyumbani. Siku hiyo nzima alikuwa akiiandaa pikipiki ndogo ya mkunga, iweze lami na iweze njia za mawe. "Mshika mbili moja humponyoka, dada," alimwonya asubuhi, lakini tairi alibadilisha, usukani akauinua, na springi za nyuma akazilegeza zisimrushe, maana mkunga mwenyewe ni mwembamba kama ufito. Jioni alikwisha nawa, anajifuta, mkunga yuko juu ya pikipiki na sanduku la dawa limefungwa nyuma.

"Mzigo wako ni huo tu?"

"Kwenda, ndiyo."

"Na kurudi?"

"Kurudi, mara nyingine napakia mama mwenye uchungu."

Fundi akaitazama mikono yake safi. Akashusha pumzi, akapiga goti kwenye oili, akaokota spana.

"Shuka kidogo," akasema. "Nizikaze springi, ziwe za watu watatu."